Gari la Wagonjwa

Nderitu alilinunua mnadani, Nakuru,
injini ikikohoa, ubavuni msalaba mwekundu
umefifia kama doa la damu
lililoshindana na sabuni miaka mingi.
Akang'oa machela, akachomelea vitanda,
akaweka jiko la gesi na pazia la maua.
Ile ndoano ya dripu nikamwambia: iache.

Miaka ishirini na sita nilisimama chini ya ndoano kama ile,
nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua jina,
nahesabu mapigo yake
huku mashimo ya barabara yakinihesabu mbavu.
Nimestaafu sasa.
Kwenye ndoano unaning'inia mkungu wa ndizi.

Salgaa, malori yalitupisha kwa adabu.
Londiani, askari akachungulia: "Mgonjwa yuko wapi?"
"Ni sisi sote, afande," akasema Khaemba. "Njaa."
Askari akacheka, akaomba chai.
Tukampa ndizi.

Chelagat alipakata kibuyu chake cha mursik
njia nzima, wala hakumwachia mtu.
Adhola naye alipakata kodiani ya babake,
kaiviringa blanketi kama kichanga anayetoka wodini.
Tangu matanga ilikuwa juu ya kabati,
ikivuta vumbi badala ya pumzi.

Ahero, kando ya mpunga, tukamkuta Awuor,
fundi wa baiskeli, na wa kodiani akipata nafasi.
Akaifungua, akainusa, akatoa mende watatu wakavu,
akaziba mvukuto kwa kiraka cha tyubu.
"Kitufe hiki kimekufa," akasema. "Mpige mkikiruka,
kama kidato kilichovunjika kwenye ngazi ya nyumbani:
mgeni hujikwaa, wenyewe hawajikwai."

Soko la Kibuye: ngege wanne, mnavu, nyanya,
unga wa mtama, na mrenda alioulilia Khaemba.
Maseno tukaegesha pale mstari wa ikweta unapopita,
tukapika mlango wazi.
Samaki walilia mafutani.
Nderitu alipambana na mrenda,
nao ukamfuata kutoka bakulini hadi kidevuni
kama deni.
Nilicheka hadi nikazishika mbavu zile zile.

Kisha Adhola akavuta.
Sauti ya kwanza ilikuwa kikohozi, ya pili ikawa ngoma.
Kijana wa bodaboda, hatujui alitokea wapi,
akaikwaruza chupa ya Fanta kwa sarafu ya shilingi kumi.
Chelagat akavua viatu. Kibuyu akakiweka chini
kwa mara ya kwanza tangu Nakuru.
Na kila wimbo ulipofika kwenye kile kitufe
kulikuwa na shimo dogo,
nasi tukajifunza kuliruka kwa mabega.

Saa nne usiku mwanamke akaja na kuku kwapani.
Ameona msalaba, amesikia muziki.
"Poleni," akasema. "Nani amefariki?"
Tukatazamana. "Hakuna, mama."
Akasimama pale, kuku akimtazama.
"Sasa huyu nikimrudisha nyumbani niseme nini?"
Khaemba alikuwa na jibu. Nikamkanyaga mguu.

Adhola akailaza kodiani magotini.
"Ni baba," akasema. "Lakini ni miaka minne sasa."
Mwanamke akaketi mlangoni mwa gari,
pale tulipokuwa tukipitishia machela,
akakunja kitenge chake vizuri.
"Miaka minne si mingi," akasema. "Piga."

Tulilala vichwa kaskazini, miguu kusini,
harufu ya samaki ikiwa pande zote mbili za dunia.
Niliamka mara moja, mkono hewani,
nikitafuta mkono wa mtu nimhesabie mapigo.
Nikaukuta wa Chelagat. Ulikuwa na joto. Akaguna, akageuka.

Asubuhi kuku alikuwa ametaga chini ya kitanda changu.
Yai moja, watu watano.
Nderitu akawasha injini.
Ikakohoa.